Kompyuta kuukuu bado zina kazi: Goma inahitaji mtandao unaojua kungoja

Mjini Goma kompyuta haifi mara moja. Inatumika miaka kadhaa katika ofisi ya Ulaya au Dubai, inafika huku kama mtumba, inanunuliwa na shule au shirika, kisha inaanza kwenda na kurudi kwa fundi wa Birere. Siku moja mwenyewe anachoka, haifuati tena. Fundi anatoa memori, anatoa diski, anauza vipuri kimoja kimoja. Sanduku linalobaki linakaa chini ya meza likingoja mnunuzi wa vyuma.

Wengi wanaona ni sawa. Mashine yenye Windows XP inashindwa kufungua kurasa za leo, haichezi video vizuri, haina nafasi ya WhatsApp. Kwa kijana wa mjini, kompyuta isiyoingia intaneti ni kama chukudu bila gurudumu. Lakini mashine hizo hazikupoteza uwezo wa kuwasiliana. Zimeshindwa tu kuwasiliana kwa namna ya leo, namna inayodai umeme kila saa, antena za kampuni kila saa na mega kila saa. Na wakaaji wa Goma wanajua vema kuwa kuna siku ambapo vyote vitatu vinakosekana pamoja.

Kuna namna nyingine, na si mpya. Ulaya na Marekani wako watu wanaopenda kompyuta za zamani kama wengine wanavyopenda magari ya zamani. Wanazifufua, kisha wanaziunganisha. Mfano mmoja ni HECnet, mtandao wa wapenzi wa mashine za kampuni ya Digital Equipment Corporation. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998 na jina lake likapotea sokoni, lakini mashine zake za PDP-11 na VAX bado zinazungumza kati yao kwa taratibu zilezile za zamani. Wengine wanaunganisha Commodore 64 na mbao za matangazo za kompyuta, zile ambazo mtu aliingia kwa modemu na laini ya simu, akasoma ujumbe na kuacha wake.

Kwa watu hao ni burudani ya mwisho wa juma. Kwa Goma jambo hilo lina uzito mwingine, kwa sababu mitandao ya aina hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa Afrika Mashariki kabla ya intaneti kufika.

Mwaka 1984, Tom Jennings wa San Francisco, Marekani, aliunda FidoNet. Wazo lake lilikuwa rahisi. Kompyuta ya kawaida ya nyumbani inapokea ujumbe mchana na kuuhifadhi. Usiku, bei ya simu ikishuka, inapigia kompyuta nyingine, inamwaga mzigo wote kwa dakika chache, inachukua uliokuja kwake, kisha inakata simu. Hiyo ya pili inafanya vilevile kwa ya tatu. Ilikuwepo saa moja iliyopangwa kila usiku ambapo kila kituo kilipaswa kuwa tayari kupokea barua tu. Hakuna aliyehitaji kuwa kwenye laini siku nzima. Dunia iligawanywa kwa kanda, na Afrika ilikuwa kanda ya 5.

Namna hiyo ilifaa Afrika kuliko ilivyofaa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Nairobi, kituo cha mashirika ya mazingira kinachoitwa ELCI kilikuwa na kompyuta ya Fido iliyobadilishana barua na London, kwenye mtandao wa GreenNet, kwa simu ya kimataifa. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo kilichoitwa MUKLA. Mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Madaktari nao walipata HealthNet, kazi ya shirika la SatelLife lililoanzishwa na daktari Bernard Lown wa Boston. Huko barua zilipita kwa simu, na pia kwa satelaiti ndogo iliyopita juu ya kituo mara chache kwa siku. Satelaiti ilichukua barua ikiwa juu ya Afrika, ikaishusha ilipofika upande mwingine wa dunia. Daktari wa hospitali isiyo na maktaba aliweza kusoma muhtasari wa majarida ya tiba kwenye kioo cha kompyuta ambayo leo ingetupwa.

Mashine hizo zilikuwa dhaifu kuliko kompyuta yoyote iliyo chini ya meza Birere. Modemu ya kawaida ya wakati ule ilipitisha biti 2,400 kwa sekunde, yaani herufi kama 240. Barua ya kurasa mbili, yenye herufi 4,000, ilipita kwa sekunde 17 hivi. Picha moja ya simu ya leo, yenye megabaiti 3, ingechukua zaidi ya saa tatu. Hesabu hiyo inaonyesha kitu ambacho watu wamesahau: maneno ni mepesi sana. Kinacholemea mitandao ya leo ni picha, sauti, video na matangazo. Habari yenyewe, nani yuko wapi na anahitaji nini, haina uzito.

Sasa turudi Goma. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, na ilirudi baada ya karibu wiki tatu. Ujumbe mfupi wa simu nao ulizimwa. Uamuzi ulichukuliwa mbali na Kivu, na hakuna mkaaji wa hapa aliyeulizwa. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka jioni. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru kartiye kumi zihamishwe, na mamia ya maelfu ya watu wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru, ya Rwanda na ya ziwa kuelekea Bukavu. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipoingia mjini, umeme, maji na intaneti vilikatika kwa siku kadhaa katika sehemu kubwa ya Goma. Watu walikuwa na simu nzuri mfukoni zisizoweza kuvuka hata barabara moja.

Katika mambo hayo yote, tukio la 2021 linastahili kukumbukwa zaidi. Baada ya usiku ule wa lava, UNICEF ilisema kwamba zaidi ya watoto 150 walikuwa wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Wazazi walizunguka makanisa, mashule na vituo vya afya wakiuliza. Wengine walituma picha kwenye makundi ya simu, picha zikazunguka mpaka haikujulikana tena ni ya lini na mtoto aliishaonekana au bado.

Orodha ya watoto 150, yenye jina, umri, kartiye, mahali alipo na jina la aliyemchukua, ni herufi 15,000 hivi. Kwa modemu ya mwaka 1990 ingepita kwa dakika moja. Ingekaa kwenye diski ndogo iliyotumika zama za Mobutu na kuacha nafasi kubwa. Hakuna uwezo wa kisasa uliohitajika ili orodha moja, iliyosahihishwa kila jioni, iwepo Sake, Goma na Bukavu kwa wakati mmoja. Kilichokosekana ni watu waliokuwa wamejiandaa, mashine zilizokuwa tayari, na utaratibu wa kubeba.

Na ajabu ni kwamba utaratibu wenyewe watu wa Kivu wanaujua. Kabla ya simu za mkononi, habari ya mfanyabiashara, ya parokia na ya ndege ndogo za porini ilipita kwa fonii, na kila mmoja alikuwa na saa yake ya kuita. Tangu wakimbizi walipojaa Goma mwaka 1994, familia nyingi za Maziwa Makuu zimepokea ujumbe wa Msalaba Mwekundu: karatasi fupi isiyofungwa, habari za kifamilia tu, inabebwa na mtu wa kujitolea mpaka kwa mwenyewe, na jibu linarudi njia ileile. Barua na vifurushi kati ya Goma na Bukavu vimepanda mashua siku zote. Huo ndio mtandao unaojua kungoja. Mzigo unapokelewa, unahifadhiwa, unasukumwa hadi kituo kinachofuata. Chukudu linafanya vilevile kwa viazi vya Kibumba, na mji umeliheshimu kwa kulijengea sanamu ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara.

Kwa hiyo pendekezo ni hili. Vituo vitatu vya kuanzia vinatosha: shule moja, kituo cha afya kimoja na radio moja ya jamii. Kila kimoja kipate kompyuta ya kubeba ya zamani, mbili ikiwezekana, ya akiba na ya kazi. Ziwekwe Linux na programu ya kupokea na kuhifadhi barua, ambazo hazilipiwi. Kila jioni, kwa saa moja iliyopangwa, vituo vibadilishane ujumbe. Intaneti ikiwepo, ipite kwa intaneti kwa sekunde chache na mega kidogo. Isipokuwepo, kijana abebe ufunguo wa USB kutoka kituo hadi kituo kwa mguu, kwa pikipiki, au kwa mashua kuelekea Bukavu. Ujumbe hautajua tofauti. Utafika kesho badala ya sasa hivi, lakini utafika. Radio ya jamii, ambayo inasikika hata kwa mama asiye na simu, isome matangazo yaliyofika jioni ile.

Siku za amani mashine zilezile zisilale. Kwa programu ya Kiwix, shule inaweza kuweka Wikipedia kwenye diski na wanafunzi wakasoma bila kulipa hata franga moja ya mega. Kituo cha afya kinaweza kutuma hesabu ya dawa. Mtandao unaongoja maafa ndipo uwashwe hautawaka siku ya maafa.

Wako watakaocheka. Watasema: kwa nini vyuma kuukuu wakati kila mtu ana simu, na Starlink ilipewa leseni ya Kongo mwezi Mei 2025? Simu na satelaiti ni vitu vizuri na hakuna anayeomba viachwe. Lakini vyote viwili vina swichi, na swichi haiko Goma. Kifaa cha Starlink kinataka malipo kila mwezi na umeme wakati wote wa kukitumia. Mji uliopoteza mawasiliano zaidi ya mara moja ndani ya miaka saba una haki ya kuwa na njia moja ya pembeni, hata kama ni ya polepole, ambayo mwenyewe anaweza kuitengeneza kwa bisibisi.

Swali la umeme ni zito zaidi, na linahitaji hesabu. Kompyuta ya mezani yenye kioo kikubwa cha zamani inakula wati 150 au zaidi, hiyo haifai. Ndiyo maana inafaa kutafuta za kubeba, zinazokula kama wati 30. Batri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Ikitumika nusu tu ili isiharibike, na mashine ikiwashwa saa mbili kila jioni, itadumu siku tano bila kuchajiwa. Mtandao unaotaka kuwa hewani saa 24 hauwezi kuishi hivyo. Unaofanya kazi saa moja na kulala unaweza.

Yapo mambo mengine ambayo shauku haipaswi kuyafunika. Waya wa shaba wa mtandao haupaswi kuzidi mita 100, na kuuvusha kutoka paa hadi paa katika mji huu ni kualika radi, kwa kuwa milima ya mashariki ya Kongo iko kati ya sehemu zinazopigwa na radi sana duniani. Waya ubaki ndani ya jengo, nje ubebe mtu. Matoleo mapya ya Linux nayo yameanza kuacha mashine za biti 32. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake kwa mashine hizo, kwa hiyo anayechagua aangalie kwanza, asinunue mzigo wa kutupa. Na vyuma vilivyokufa kabisa visiachwe kwenye uwanja wa shule kwa jina la msaada. Ndani yake mna risasi na sumu nyingine, na Goma haina haja ya jalala jipya.

Jambo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo ni usalama. Katika mji wenye silaha, mtu mwenye antena isiyoeleweka au barua zilizofichwa anaweza kuitwa mpelelezi kabla ya kuulizwa jina. Kwa hiyo asitokee kijana wa kurusha mawimbi ya radio bila ruhusa kwa sababu amesoma kwamba wapenzi wa Ulaya wanafanya hivyo. Wao wana leseni na hawana vita. Mtandao huu uige karatasi ya Msalaba Mwekundu: habari za familia, za afya na za masomo tu, maneno ya wazi, hakuna siasa wala mwendo wa majeshi. Na majina ya watoto waliopotea yasibandikwe kwa kila jicho. Yapokelewe na watu waliofundishwa kulinda watoto, na radio itangaze kile tu kinachoweza kutangazwa bila kumtia mtoto hatarini. Anayesema haya yanapunguza ladha ya mchezo, na akacheze mchezo mwingine.

Nani aanze? Goma ina ISIG, ina ULPGL, ina vyuo vingine vinavyofundisha informatiki. Kila mwaka wanafunzi wanaandika TFC kuhusu mtandao wa ndani wa taasisi fulani, wanachora mchoro, wanatetea mbele ya walimu, wanapigiwa makofi, na kazi inawekwa kabatini. Mwanafunzi mmoja tu akubaliwe kutetea mtandao unaofanya kazi kati ya shule na kituo cha afya, uliodumu miezi mitatu, wenye daftari la ujumbe uliofika na uliopotea. Hiyo ingekuwa TFC yenye faida kwa mtu asiye mwalimu wake. Mafundi wa Birere wangekuwa walimu wa pili, maana wao ndio wanaojua mashine ipi inasimama tena na ipi haisimami.

Mashirika yanayohama ofisi nayo yana sehemu yao. Badala ya kupiga mnada kompyuta za kubeba kwa bei ya vyuma, yafute diski vizuri na kuzikabidhi vituoni zikiwa na chaja zake. Mara nyingi kinachoua kompyuta ya zamani Goma ni chaja iliyopotea, si ubongo wake.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Kivu wanalijua kuliko wengine wote. Koltani inayochimbwa Rubaya, huko Masisi, inatoa tantali, madini yanayoingia katika vifaa vya elektroniki vya dunia nzima. Kiasi cha madini hayo kinarudi Goma kimya kimya, ndani ya kompyuta za mtumba, na kinaishia chini ya meza ya fundi. Milima imekwisha kulipia mashine hizo, na watu wamelipa zaidi ya milima. Kuzitupa zikiwa bado na uwezo wa kubeba jina la mtoto kutoka Sake hadi Bukavu ni kulipa mara mbili.

Nyiragongo haitangazi tarehe, na wanaozima intaneti pia hawatangazi. Kazi ya kuunganisha vituo vitatu, kufundisha vijana sita na kupanga saa moja ya jioni inaweza kukamilika katika muhula mmoja wa masomo, wakati umeme upo na barabara ziko wazi.